Kina García wote ni ndugu? Uzi wa jina lililotoka milimani likaenea dunia nzima

Mpiga Soga

Wanajamvi salaam.

Juzi kijiweni tulikuwa tunaangalia Barcelona. Golini Joan García, beki Eric García. Dogo mmoja akauliza kama hao ni mtu na kaka yake. Kabla sijafungua mdomo, mzee mmoja wa pale, ambaye tangu nimfahamu hajawahi kusema "sijui", akajibu kwamba García ni kabila kubwa la Hispania, na hata Luis García aliyewatoa Chelsea kwa lile bao la utata pale Anfield mwaka 2005 ni wa damu hiyohiyo. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nikamaliza kahawa yangu nikaondoka, ila usingizi ulikataa. Habari za majina ni maradhi yangu ya siku nyingi. Basi naliweka hapa, na kiungo nitamtumia mzee wetu.

García ni Juma. Sina maelezo mafupi kuliko hayo.

Wachukue kina Juma wote wa Tanga, Mwanza, Kigoma na Mombasa. Juma Hamisi, Hamisi Juma, Mwanaisha Juma. Nani atasema hao wote babu yao mmoja? Juma ni jina la mtu. Kila mtaa ulikuwa na Juma wake, kila Juma akazaa, watoto wakaitwa kwa jina lake. García lilianza vivyo hivyo: jina la kwanza la mwanamume, la kupewa utotoni, huko kaskazini mwa Hispania chini ya milima ya Pirenei, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita.

Ukitaka kuliona likiwa bado jina la mtu, watazame wafalme wa Pamplona, ufalme mdogo uliokuja kuitwa Navarra. Sancho Garcés wa Kwanza alianza kutawala mwaka 905. Mwanawe ni García Sánchez wa Kwanza, aliyefariki 970. Mwana wa huyo ni Sancho Garcés wa Pili. Kisha García Sánchez wa Pili. Kisha Sancho Garcés wa Tatu, yule waliyemwita Mkuu, akafariki 1035. Kisha García Sánchez wa Tatu. Sasa rudi usome tena ukijua kwamba Sánchez ni mwana wa Sancho, na Garcés ni mwana wa García. Sancho bin García, García bin Sancho, Sancho bin García, vizazi sita, babu akirudi kwa mjukuu kila mara. Hivyo ndivyo tunavyofanya hata sisi.

Ile -ez unayoisikia kwenye majina ya wachezaji ndiyo bin yao. Rodríguez ni bin Rodrigo. González, bin Gonzalo. Fernández, bin Fernando. Pérez, bin Pedro, kupitia umbo la zamani la Pero. Sisi wenyewe jina la ukoo tunaliita ubini, kwa hiyo hapa hatuhitaji mkalimani.

Tofauti ni kwamba kwao mnyororo uliganda. Kwetu Hamisi bin Juma akipata mtoto, mtoto anakuwa bin Hamisi, Juma anasogea nyuma. Kwao, Zama za Kati zilipokuwa zinaelekea ukingoni, mtoto wa Juan Pérez hakuitwa tena kwa jina la Juan. Akabaki Pérez kama baba yake, na mjukuu Pérez, na kitukuu Pérez, hata kama hakuna Pedro yeyote anayekumbukwa. Haikutokea siku moja. Urithi wa ardhi na hati za mahakama vilisukuma, kisha Mtaguso wa Trento, ule mkutano mkuu wa Kanisa Katoliki, ukaagiza mwaka 1563 maparokia yaweke vitabu vya ndoa na ubatizo, na jina likishaandikwa kitabuni halichezi sana.

García likaganda likiwa uchi, bila -ez. Garcés lipo mpaka leo, ila ni la watu wachache. Kwenye kumi bora ya Hispania, García na Martín ndiyo pekee yasiyovaa mkia huo.

Maana yake je? Jina ni la Kibaski, lugha ya watu wa milima ile, ambayo haina undugu na Kihispania wala Kifaransa. Kuna kambi mbili. Ya kwanza inasema limetoka kwenye *hartz*, yaani dubu. Ya pili inasema *gazte*, kijana. Hati za zamani zinaandika Garsea au Garsia, na kila kambi inavutia kwake. Mimi moyo wangu uko kwa dubu, kwa sababu watu wale walipenda majina ya wanyama wakali. Yule kipa wa Meksiko aliyekuwa ukuta kwenye Kombe la Dunia, Guillermo Ochoa? Ochoa ni Kibaski cha mbwa mwitu. Na López ni bin Lope, ambalo nyuma yake kuna *lupus* ya Kilatini, mbwa mwitu yuleyule. Kwetu pia si watu wanaitwa Simba, Chui na Mamba?

Chaji inaisha. Nitarudi na hesabu.

Chausiku wa Mabibo

Kwa hiyo kipa wa Barcelona kwa Kiswahili ni Yohana Juma 😂

Mpiga Soga

Kabisa. Joan ni Juan kwa Kikatalani, na Juan ni Yohana. Golini yuko Yohana Juma.

Kalamu ya Mvita

Ahsante kwa uzi, ndugu yangu, lakini mbona Waarabu umewaruka? Walikaa Hispania tangu 711 hadi 1492. Miaka karibu mia nane! Hiyo -ez na bin ziwe zimefanana kwa bahati tu? Mimi nasema wameiga.

Mpiga Soga

Kalamu, nilijua utakuja. Kufanana ni kwa kazi, si kwa asili. Mkia wa -ez wengi wanaueleza kwa umilikishi wa Kilatini, ule wa kusema "wa Fulani", na wapo wanaohisi chimbuko la zamani zaidi, kabla ya Warumi. Kwa Kiarabu umbo haliendi: bin hukaa mbele ya jina la baba, -ez hukaa nyuma.

Ila Waarabu waliacha majina kwa mlango mwingine, mlango wa miji. Mtu akitoka Medina anaitwa Medina, na hiyo ni *madina*, mji. Iko Medina del Campo, iko Medina Sidonia, na nyinginezo. Alcántara ni *al-qantara*, daraja. Alcalá ni ngome. Ukimkuta mtu anaitwa Alcántara huwezi kusema babu yake alikuwa Mwarabu. Unachoweza kusema ni kwamba babu yake alitoka mahali ambapo Waarabu walikuta au walijenga daraja.

Kalamu ya Mvita

Hapo nimekuelewa. Hata sisi kina Malindi na kina Mafia wapo, na si wote wamezaliwa huko.

Mpiga Soga

Nimerudi, umeme upo.

Hispania yenyewe kwanza. Takwimu za serikali yao zinaonyesha García kama ubini wa kwanza wa watu zaidi ya milioni 1.4. Walio nao kama ubini wa pili idadi yao inakaribia hiyohiyo. Kina Rodríguez na kina González wanafuata kwa mbali kidogo, kila mmoja laki tisa na ushee. Na wapo watu zaidi ya 75,000 ambao baba ni García na mama ni García, wanaandikwa García García. Wengi wao wazazi hawana undugu wowote, ni Juma kaoa binti Juma.

Ukifungua ramani, García anaongoza sehemu kubwa ya bara: Castilla, Madrid, Valencia, Murcia, Andalusia. Ukienda kona ya kaskazini-magharibi, Galicia, au ukivuka bahari kwenda Visiwa vya Kanari, hashiki namba moja. Huko wamejaa kina Rodríguez na kina González.

Kinachonichekesha ni Nchi ya Wabaski. Jina limezaliwa kwao, lakini Wabaski wengi walichukua majina ya nyumba na mahali. Etxeberria, kwa mfano, ni "nyumba mpya". Kina García wengi wanaoishi leo Bilbao na vitongoji vyake ni wajukuu wa wafanyakazi waliotoka Castilla, León na Galicia kwenda kwenye migodi na viwanda vya chuma. Jina liliondoka na mfalme likarudi na kibarua. Barcelona ni hivyohivyo: treni za miaka ya 1950 na 1960 zilishusha maelfu kwa maelfu kutoka Andalusia, Murcia na Extremadura, na leo García ndiyo ubini wa kwanza kwa wingi hata Catalonia. Kwa Kikatalani wanaliandika Garcia, bila alama juu ya i.

Mkoa mmoja wa Kibaski, Álava, waliona mapema kwamba García wamezidi, wakaanza kuwapambanua kwa kijiji: García de Cortázar, García wa Cortázar. Ni kama kusema Juma wa Pongwe na Juma wa Muheza.

Fundi Saa

Niliwahi kuona mtandaoni wanauza ngao ya ukoo wa García, ina ndege mweusi, na cheti kabisa. Nyingine inasema García ni jina la Wayahudi waliofukuzwa. Ipi ya kweli?

Mpiga Soga

Fundi, hela yako kaa nayo. Ngao zilitolewa kwa mtu au nyumba fulani. Ukoo mmoja wa García haupo, basi ngao moja ya García itatoka wapi? Zipo chungu nzima, za familia tofauti. Huyo ndege ni korongo, ambaye kwa Kihispania anaitwa *garza*. Wachora ngao walisikia garza na García vinafanana sauti, wakamchora. Ni mchezo wa maneno tu. Dubu wa watu akageuka korongo.

La Wayahudi: wapo waliobatizwa wakachukua jina García, kama walivyochukua Pérez na López, maana ndiyo majina yaliyokuwepo. Lakini jina lenyewe halithibitishi kitu. Hispania ilipopitisha ile sheria ya 2015 ya kuwapa uraia wazao wa Wayahudi waliofukuzwa 1492, kulizunguka orodha za majina mitandaoni, watu wakajiona wameshapata pasipoti. Zilikuwa uzushi.

Jirani wa Parklands

Sisi huku Nairobi tumekua na kina De Souza, Fernandes, Pinto, Pereira. Hao ni Wahispania pia?

Mpiga Soga

Hao ni Wagoa, jirani, watu wa Goa huko India, na majina yao ni ya Kireno. Wareno waliishika Goa kuanzia 1510, na Wahindi waliobatizwa wakapewa majina ya Kireno. Baadaye wakaja Afrika Mashariki na majina yao: makarani, mafundi cherehani, wapishi, walimu, na wanasiasa kama Pio Gama Pinto aliyeuawa Nairobi mwaka 1965. Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya, baba yake alikuwa Mgoa na jina lake lingine lilikuwa Zuzarte.

Kireno na Kihispania ni ndugu wa karibu, ndiyo maana majina yanafanana. Mkia wa Kireno ni -es: Fernandes, Rodrigues, Gomes, Lopes. Mkia wa Kihispania ni -ez. Ukiona s mwishoni, fikiria Lisbon. Ukiona z, fikiria Madrid. Garcia lipo pande zote mbili.

Mtanga wa Valencia

Wakuu, nimeuona uzi huu nikacheka peke yangu kwenye basi. Naishi huku mwaka wa tisa. Niwaambie García linavyotamkwa: hapa ile c ni kama th ya "thelathini", gar-thí-a. Ukishuka sehemu kadhaa za Andalusia, na Amerika yote, ni s. Mkazo uko silabi ya pili kutoka mwisho, kama Kiswahili, kwa hiyo sisi hatupati shida.

Shida ni fomu. Kila ofisi ina kisanduku cha ubini wa kwanza na kisanduku cha ubini wa pili, na kompyuta haikuachii ukiacha cha pili wazi. Kwa Mhispania, cha kwanza kwa kawaida ni cha baba, cha pili cha mama. Mwanamke akiolewa habadilishi kitu. Mimi pasipoti yangu ina majina matatu: langu, la baba, la babu. Juma ni baba, Athumani ni babu mzaa baba. Karani akaandika ubini wa kwanza Juma, wa pili Athumani. Yaani kwa macho yao mama yangu ni wa ukoo wa Athumani! Nilijaribu kueleza, foleni nyuma yangu ikaanza kuguna, nikaacha.

Chausiku wa Mabibo

Mama akijua umemfanya binti wa baba mkwe wake 🙈

Mpiga Soga

Mtanga, umenisaidia kufika nilikotaka. Hii desturi ya majina mawili ndiyo inayowakoroga waandishi wa habari. Mwandishi wa Kolombia, Gabriel García Márquez: baba yake García, mama yake Márquez. Magazeti ya nje yanamwita "Marquez" mtupu, ambalo ni sawa na kumwita mtu kwa jina la ukoo wa mama pekee. Kwenye rafu ya vitabu anakaa kwenye G.

Lakini wenyewe Wahispania nao wanakwepa majina yaliyojaa. Mshairi Federico García Lorca dunia nzima inamwita Lorca. José Luis Rodríguez Zapatero, waziri mkuu wa 2004 hadi 2011, anaitwa Zapatero. Pablo Ruiz Picasso akaona Ruiz ni wengi mno, akabaki na la mama. Ukisema "García" tu kwenye umati, wanageuka watu ishirini.

Sasa jinsi lilivyotoka nje.

Amerika kwanza, tangu miaka ya 1500, na askari, mabaharia na mapadre. Ila msidhani kila García wa Meksiko au Kolombia ana babu aliyepanda jahazi kutoka Sevilla. Wenyeji walibatizwa wakapewa majina ya wasimamizi wa ubatizo. Waafrika waliopelekwa utumwani walipewa majina ya waliowamiliki. Jina moja, njia tatu, na mojawapo ni ya minyororo. Hili huwa linarukwa na wauza ngao.

Marekani inatuonyesha kasi. Sensa ya 2000 ilimweka García nafasi ya 8 nchi nzima, watu 858,289. Sensa ya 2010 ikampandisha nafasi ya 6, watu 1,166,120, mbele ya Miller na Davis. Wengi wako Texas na California, na kule kusini zipo familia ambazo hazikuhamia Marekani kamwe. Mpaka wa Meksiko ndio ulihama mwaka 1848 ukawakuta nyumbani kwao.

Ufilipino ndiyo kali zaidi. Tarehe 21 Novemba 1849 gavana Narciso Clavería alitoa amri kila familia iwe na jina la ukoo la kudumu, maana watu walikuwa wanajiita de la Cruz na de los Santos kiasi kwamba mkusanya kodi hajui amdai nani. Kikatengenezwa kitabu cha majina kwa alfabeti, kurasa zikagawiwa mikoa na miji. Ndiyo maana kuna miji kama Oas, mkoani Albay, ambapo ubini wa wenyeji wengi unaanza na R. García ni kati ya majina ya kawaida kabisa huko mpaka leo. Rais wao wa 1957 hadi 1961 aliitwa Carlos García.

Ufaransa ilipata wake kwa machungu. Mapema 1939, Jenerali Franco alipokuwa anashinda vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania, watu karibu nusu milioni walivuka Pirenei kwa miguu katika baridi. Wengine waliingia kupitia Afrika: wakulima maskini wa Alicante na Almería walikuwa wamehamia Oran, Algeria, na Algeria ilipopata uhuru 1962 wengi wa wazao wao wakaenda Ufaransa. Ndiyo maana kusini mwa Ufaransa Garcia ni jina la kila mtaa. Kocha Rudi Garcia ni Mfaransa mwenye asili ya Andalusia.

Kalamu ya Mvita

Na Afrika nyeusi je? Wahispania hawakuwa na koloni?

Mpiga Soga

Guinea ya Ikweta, uhuru wake 1968. Huko desturi ya majina mawili ilibaki, lakini majina yenyewe ni ya wenyeji: jina la ubatizo la Kihispania mbele, kisha la baba, kisha la mama. Mfano mnaoujua ni Emilio Nsue López, mfungaji bora wa AFCON iliyochezwa Ivory Coast mwanzoni mwa 2024. Kazaliwa Hispania. Nsue ni upande wa baba wa Guinea ya Ikweta, López ni mama Mhispania. Jina zima linakusomea nyumba zote mbili.

Fundi Saa

Kumbe Nsue ni bin mbwa mwitu kwa mama.

Mtanga wa Valencia

Hiyo ya nyumba mbili ngoja niwamalizie. Mke wangu ni wa hapahapa, na mnaweza kubahatisha ubini wake. Tulipopata binti mwaka juzi tukaenda kumwandikisha. Zamani la baba lilitangulia tu. Tangu 1999 wazazi wanaruhusiwa kukubaliana la mama litangulie, na tangu 2017 la baba halitangulii tena lenyewe, ni lazima mseme. Karani akatuuliza lipi mbele. Mke wangu akasema García wametosha nchi hii, litangulie la baba.

Kwa hiyo binti yangu ubini wake kwenye vitabu vya serikali ya Hispania ni Juma García.

Mpiga Soga

Yaani Juma Juma.

Mtanga wa Valencia

Juma Juma. Na bibi yake Tanga anasema mtoto hana jina la baba.